Utani Haufungwi

Nilisimamishwa ujumbe wa Tume ya Mvua nikiwa katikati ya sentensi yangu mwenyewe. Naambiwa nilikuwa nimesimama mbele ya ramani, naongea kwa ukali, kidole nimekielekeza mahali fulani. Ninachokumbuka mimi ni kujikuta kwenye chumba nisichokijua, kidole kiko hewani, watu saba nisiowajua wananitazama, na sina habari nilikuwa naelekea kusema nini.

Mwanamume mnene aliyekaa kiti cha katikati aliniambia niketi. Aliniita mheshimiwa, akanipa pole, akasema nitajisikia vizuri baada ya muda. Nikamuuliza yeye ni nani. Wenzake wakainamisha macho mezani kama watu waliofumania jambo la aibu. Akasema anaitwa Elinaja, ni mwenyekiti wa tume, na tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nilimkazia macho nikitafuta walau pua ninayoifahamu. Hakuna. Ningekutana naye sokoni ningempita kama ninavyompita muuza vocha.

Kuhusu uzi nilikuwa najua, kwa kuwa kila raia anajua. Siku ya kiapo mjumbe analazwa, na nyuma ya sikio anapachikwa uzi mwembamba kuliko unywele. Tangu hapo kila kumbukumbu inayogusa kazi ya tume inatiwa alama na uzi. Ukisimamishwa, kumbukumbu zenye alama zinafungwa. Ukirudishwa, zinafunguliwa. Ukiondolewa kabisa, zinachomwa, na ndio mwisho wake. Walikuwa na sababu zao. Zamani wajumbe walipotoka walikuwa wanawauzia matajiri habari za zamu, mvua itashuka wapi na wapi itanyimwa, na watu wakauana kwa ajili ya mashamba. Mimi mwenyewe nilipiga makofi kanuni ile ilipopitishwa, maana wakati ule sikuwa mjumbe. Aisifuye mvua imemnyea, nami ilikuwa bado haijaninyea.

Elinaja akanisomea mashitaka. Kwanza, kwamba nimeonyesha nia ya kutoa siri za tume. Pili, kwamba sina tena uwezo wa kutimiza majukumu yangu. Nikauliza siri gani. Akajibu kwamba hawezi kunitajia, kwa sababu nimesimamishwa. Nikauliza ni majukumu gani niliyoshindwa. Akageukia karani, akamwambia aandike kwamba mjumbe ameulizwa kuhusu majukumu yake na hayajui.

Hapo mtu mmoja pembeni alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko, na nilipomtazama moyo ulinishtuka kwa furaha. Huyo nilimjua. Mzaramo mrefu, mashavu yamebonyea, koti limemzidi mabega. Sikujua alikuwa anafanya nini pale wala tulikutana vipi. Nilijua tu kwamba ni Kondo, mtani wangu, na kwamba nina haki ya kumtukana mbele ya mtu yeyote.

"Hata hapa upo," nikamwambia. "Nani amemfungulia Mzaramo mlango kabla ngoma haijalia?"

"Amefunguliwa abebe mizigo ya Wanyamwezi," akajibu. "Naona leo wamechoka."

Wajumbe wengine walitabasamu. Kondo hakutabasamu.

*

Utani ulivyouponyoka uzi ni hadithi ambayo ingetokea kwetu tu. Mjumbe wa kwanza kabisa kusimamishwa alifiwa na baba yake mwezi uleule. Watani wakaja msibani kama ilivyo ada, wakavuta sanda, wakalala kwenye jeneza, wakamkejeli marehemu kwa ubahili wake. Wote walikuwa watumishi wa tume, kwa hiyo yule bwana hakumkumbuka hata mmoja. Akaona wendawazimu wanamdhalilisha baba yake, akachukua jembe akampasua mtu kichwa. Ukoo mzima ukaandamana hadi milango ya tume. Basi wajumbe wakawaagiza mafundi wauache utani upite bila alama. Mafundi wakasema inawezekana, kwani utani unakaa sehemu yake kichwani, jirani na nyimbo na matusi, na uzi unaweza kufundishwa kuiruka sehemu hiyo.

Kwa hiyo nyumbani nilikaa na kilichobaki. Watoto wangu nilikuwa nao, mume wangu nilikuwa naye, mama yangu na kijiji chetu vyote vilikuwepo. Miaka ya tume ilikuwa shimo, na ndani ya shimo hilo yalikuwa yanaelea maneno ya utani niliyowahi kumtania Kondo, bila mahali wala siku. Nilianza kuyapanga.

Nilimwambia: Wazaramo mkipikia maji ya Itundumo hamhitaji chumvi. Nilimwambia: mvua ya mwenyekiti wetu inashuka na chumvi yake, kilichobaki ni ndimu. Nilimwambia: ng'ombe wa Itundumo wanakojoa mawe, kajengee nyumba, maana ya makuti imekushinda. Na hilo la ng'ombe nililisema mara nyingi, kwa namna nyingi, na kila mara sauti yangu ndani ya kumbukumbu ilikuwa kali kuliko utani unavyotaka.

Itundumo ni wilaya iliyo chini ya mnara wa mwisho. Minara ndiyo inayorusha chumvi angani ili mawingu yakusanyike, na mawingu yakishakusanyika pale ndipo yanasukumwa kuja nyanda zetu, kwenye miji na mashamba makubwa. Hilo hata mtoto wa shule analijua. Ambalo nje ya tume hakuna aliyekuwa analijua, nami nililijua kabla sijafungwa, ni kwamba sehemu ya ile chumvi inarudi chini na kuingia visimani. Lisemwalo lipo, hata likisemwa kwa kucheka. Nilikaa jikoni siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwa mara ya pili jambo ambalo nilikwisha kulijua, na utani si ushahidi.

Nilihitaji mtu aliyeona. Kanuni inampa mjumbe anayeondolewa haki ya kusikilizwa hadharani na kuita shahidi mmoja miongoni mwa wajumbe. Ukiisoma haraka utaipenda. Kipengele kinachofuata kinasema mjumbe yeyote atakayetaja jambo la tume hadharani anasimamishwa papo hapo, kwa kitendo hichohicho, bila kikao wala kura. Uzi wenyewe unamaliza. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani, na nyani ndiye mwenye kufuli.

*

Nilimwendea Kondo, mjumbe pekee niliyemkumbuka, nyumbani kwake mchana wa Jumamosi. Nilimkuta uani anaanika kanga. Zilikuwa kanga za mkewe, Nyanzala, aliyefariki mwaka uliopita kwa maradhi ya figo. Kila baada ya muda alikuwa anazifua zote na kuzianika, ingawa hakuna aliyezivaa.

Nyanzala nilimkumbuka kwa upande mmoja tu. Alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, kwa hiyo nilimhesabu dada, na Kondo nilimtania kwamba alimwiba. Nilikumbuka kwamba alikuwa anakoroma, kwamba mlenda wake ulikuwa unateleza hadi kwa jirani, kwamba alikataa kucheza ngoma kwenye harusi yake mwenyewe na Wazaramo wote wakalia. Kwamba alikuwa mpima mvua wa tume nililazimika kuambiwa na mume wangu asubuhi ile. Sura yake ya kawaida, sauti yake anapoongea mambo ya kawaida, sikuwa nayo. Vilikuwa vimefungwa pamoja na kazi.

Nilimwambia Kondo nilichokusanya. Hakukubali wala hakukana. Aliendelea kunyoosha pindo za kanga, kisha akaniuliza kama najua alikutana na Nyanzala wapi. Nikasema sijui.

"Ngazi za tume," akasema. "Siku yangu ya kwanza kazini, uzi bado unawasha sikio. Ananiuliza, wewe ndiye mjumbe mpya? Mezani tulikuwa tunaongea mvua. Kitandani tunaongea mvua. Sina siku hata moja ya Nyanzala ambayo haina alama, Kalunde. Nikifungua mdomo pale mbele, namzika mara ya pili, na safari hii sijui kama nimezika mtu."

Nikamwambia ukoo wetu ungemsimulia habari zake, angejifunza upya. Akatikisa kichwa. Uzi hauko hivyo. Jambo lililofungwa ukisimuliwa kama kweli, uzi unalitia alama upya, na jua likizama nalo limefungwa; linalopita kwa utani tu ndilo linalobaki. Kulikuwa na mjane mmoja wa tume aliyeambiwa kila asubuhi kwamba mumewe amekufa, mpaka watoto wakamhurumia wakaacha.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Nilitaka kumwambia kwamba Itundumo kuna watoto, kwamba kumbukumbu za mtu mmoja haziwezi kupimwa na visima vya wilaya nzima. Yote hayo ni kweli, na ningeyasema kwa mtu mwingine bila kupepesa. Lakini alikuwa ameshika kanga ile ya kahawia kwa ncha mbili, taratibu, na nikajiona mimi ndiye mwizi. Nikamwambia sitamwita. Nikamwambia mara mbili. Akasema Wanyamwezi tangu lini wakakataa kumtwisha mtu mzigo, nasi tukacheka vibaya, kisha nikaondoka.

Njiani nilijichukia kwa kwenda na nikajichukia kwa kurudi mikono mitupu. Sikuwa najua ni chuki ipi iliyo ya haki, na mpaka leo sijui.

*

Ukumbi wa kusikilizwa ulijaa. Walikuja hata watu wa Itundumo, wamekaa safu ya nyuma na nguo zao za safari, kwa kuwa walisikia kwamba anaondolewa mjumbe aliyekuwa anawatembelea. Mwanamke mmoja alinipungia mkono kwa uchangamfu. Sikumkumbuka, nami nikampungia. Mbele ya kila mjumbe kulikuwa na taa ndogo. Inawaka nyekundu pale uzi wake unapohisi jambo la tume linatajwa hadharani.

Elinaja aliendesha kikao vizuri mno. Hakupandisha sauti. Aliniuliza nieleze, kwa maneno yangu, nimefanya kazi gani katika tume. Nikasema sikumbuki. Akaniuliza nitaje walau uamuzi mmoja nilioshiriki. Nikasema sikumbuki, na kwamba yeye ndiye aliyenifunga. Akasema kanuni ndiyo iliyonifunga. Kisha akawageukia watu akasema kwa huzuni, kwamba wameona wenyewe: mjumbe hajui kazi yake. Watu wakaguna kwa huruma. Nilihisi jasho linanitoka mgongoni, si kwa hasira, kwa hofu, maana hata mimi kama ningekuwa safu ya nyuma ningepiga kura niondolewe.

Akauliza kama nina shahidi. Nikasema sina.

Kondo akasimama. Alivua koti lake, akalitandaza sakafuni mbele ya kiti changu, akalala chali juu yake, mikono kifuani, macho kayafumba.

"Mnazika Mnyamwezi bila kuwaita watani?" akasema kutoka pale chini. "Maiti haiendi popote. Nimelala njiani."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ilikuwa ni vilevile inavyofanyika msibani, na watu walikuwa wamebanwa na huzuni ya bure tangu asubuhi. Hata wajumbe wawili walicheka. Nilitazama taa yake. Ilikuwa imezima.

Akaanza kumkejeli marehemu, yaani mimi. Akasema marehemu alikuwa mchoyo, alikwenda Itundumo akachota maji kisimani akakataa kumpikia mtu uji, eti umeshatiwa chumvi. Akasema marehemu aliwaonea wivu ng'ombe wa Itundumo kwa kukojoa mawe, akayaokota, akayaleta ofisini, akamwekea mwenyekiti mezani ajengee choo. Akasema mwenyekiti alikasirika kwa vile mawe yenyewe hayakutosha choo. Watu walikuwa wanajipiga mapaja. Taa imezima. Nilikuwa nalia na kucheka, kwa sababu kila utani ulikuwa unanipa kipande changu, na nilikuwa nakiona kikao kile ambacho nilisimamishwa, mawe mezani, kidole changu kwenye ramani.

Kisha nikamwona yule mwanamke wa nyuma. Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amemshika mkono mwenzake na kumnong'oneza kitu, na yule naye akaacha. Safu yao ikanyamaza yote, wakati mbele bado wanacheka.

Elinaja naye aliiona safu ile. Akangoja kicheko kiishe chenyewe. Hakumkemea Kondo, hakumwamuru anyanyuke. Aliinama kidogo mezani.

"Mjumbe Kondo," akasema, "tumefurahi. Sasa tusaidie sisi tusiojua ila lugha ya kikao. Hayo uliyosema, ni kweli au ni utani?"

Nilitamani kumtemea mate kwa ustadi wake. Akijibu ni utani, safu ya nyuma itarudi Itundumo na aibu ya kutoelewa mzaha, na maji yataendelea kunywewa. Akijibu ni kweli, taa itawaka.

Kondo alikaa kitako, akanitafuta kwa macho. Nikatikisa kichwa. Nilitikisa wazi, kila mtu aone kwamba mimi simdai. Mwanamke wa nyuma alikuwa amesimama.

"Mtani," Kondo akaniambia, "sasa mfiwa ni wewe."

Akanyanyuka, akakung'uta suruali. "Ni kweli," akasema. "Msinywe yale maji. Chumvi ya mnara imeingia visimani, inaua figo. Aliyeipima wa kwanza ni mke wangu. Alikuwa anaionja kila alipopima, kwa sababu vipimo mlivyompa vilikuwa havimtoshi. Anaitwa Nyanzala. Ana kovu, na akicheka anaziba..."

Taa iliwaka. Mkono wake ulikuwa umeinuka kwenda mdomoni, kuonyesha Nyanzala alikuwa anaziba nini. Ukabaki hapo hewani. Akautazama mkono, akaushusha, akatazama ukumbi kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ya wageni.

Elinaja alimwambia kwa upole aketi. Alipopita karibu nami kwenda kuahirisha kikao, aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa kweli, mnara ule ukizimwa ni nani atakayetunyeshea sisi wengine milioni nane. Swali hilo bado ninalo, na miti ya barabarani kwetu imeanza kukauka.

*

Niliondolewa wiki ileile. Kumbukumbu zangu zilichomwa nami nikiwa nakunywa chai, na sikuhisi kitu chochote, na hilo ndilo linalonitisha. Yaliyosemwa kweli ukumbini nasimuliwa upya na mume wangu kila asubuhi. Watu wa Itundumo waliziba visima vyao wenyewe kwa mawe na kuuzingira mnara. Tume imetangaza kwamba inachunguza. Wakati huohuo imerekebisha kanuni. Utani sasa ni jambo la tume kama jambo jingine, na nyuzi za wote, waliomo na waliotoka, zitafundishwa upya kuanzia kesho.

Kwa hiyo leo, Jumapili, nilikwenda kwa Kondo mapema. Nimekuwa nikienda kila Jumapili. Kaniuliza tena zile kanga kabatini ni za nani, maana majirani wakimwambia, kesho yake hajui. Nilimwambia aketi nimtukane.

Nikamwambia ewe Mzaramo mwizi, ulituibia dada yetu ngazini kama anayeiba kuku. Dada yetu alikuwa anakoroma mpaka kuta zikakuhurumia. Mlenda wake ulikimbia sahani. Siku ya harusi alikaa kama gunia, ngoma yenu ikafa. Nikasema yote niliyonayo, na yaliponiishia nikaanza kutunga, kovu nikaliweka kwenye kidevu, kicheko nikakiziba kwa kanga ya kahawia, kwa sababu yeye mwenyewe alikatizwa kabla hajatuambia. Kondo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikapungua, akabaki ananitazama kwa macho yenye maji, mkono wake umeinuka kidogo kuelekea mdomoni, wala sidhani alijua kwa nini.

"Kalunde," akaniuliza. "Huyo mwanamke. Ni kweli au ni utani?"

Kweli ingefungwa jua likizama. Utani ulikuwa na siku hii moja.

"Ni utani," nikamwambia, nikaanza tena mwanzo.